Ushauri: Nina mgeni mgahawa wa ufukweni Jumamosi. Nilipeje bili asione?

Sina_Makuu:
Wakuu, habari za humu. Jumamosi nina mgeni wa heshima. Nimeshika meza ya mchangani, hatua chache toka kwenye maji. Mgahawa ni wa kawaida, viti vya plastiki, watu wanaingia na ndala, ila ukikaa pale bahari yote ni yako. Swali: nilipeje bili mgeni asione? Usingizi sipati.

Chumvi_Kidogo:
Acha bili, anza na samaki. Menyu ikiandika "kwa uzito" bila bei, mwambie mhudumu amlete akiwa mbichi, apimwe mbele yako. Macho yawe maangavu, matamvua mekundu, na asiwe na shombo kali. Mimi nilinyoosha kidole tu, "yule mkubwa". Bili ilipokuja nikaomba maji ya kunywa mara mbili.

Bi_Tausi:
Jifanye unaenda msalani, pitia kaunta, lipa, rudi. Lakini mwanangu, mtu mzima kukosa usingizi kwa bili? Huyo mgeni ni nani?

Sina_Makuu:
Ni mzee wa heshima tu, mama. Na kaunta inaonekana toka mezani.

Nahodha_Mstaafu:
Hiyo meza uliikagua lini?

Sina_Makuu:
Jumamosi iliyopita, jioni kama hiyo. Maji yalikuwa mbali, watoto wanacheza mpira. Na Jumamosi hii mwezi ni mpevu, utatoka baharini mbele yetu wakati jua linazama baharini. Nimeshatoa kianzio, hakirudishwi.

Nahodha_Mstaafu:
Kijana, pwani nyingi maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Siku 7 ni karibu saa 6. Saa uliyokuta yamekupwa, Jumamosi utayakuta yamejaa. Tena wiki iliyopita yalikuwa maji mafu, yale yasiyopanda wala kushuka sana, sasa mwezi mpevu unaleta bamvua, maji yanapanda kuliko kawaida. Hapo unamkalisha mzee wa watu ndani ya bahari. Uliza ratiba ya maji kabla hujauliza bili.

Ndala_Moja:
Kuna mzee mmoja tulimpa meza kama hiyo. Akanyanyua miguu, akaendelea kula. Ndala hatukuziona tena 😂

Bi_Tausi:
Hujanijibu. Mwenyeji kulipa bili si aibu. Kwa nini asione?

Sina_Makuu:
Basi niseme. Ni baba wa mchumba wangu. Siku ya kwanza aliniuliza nafanya nini, mdomo ukaniponyoka nikasema nina mgahawa ufukweni. Ndio huo. Msinihukumu, nilikuwa na nia ya kufungua wangu siku moja. Nimeshaongea na mhudumu, Jumamosi ataniita bosi.

Chumvi_Kidogo:
Mwenye mgahawa anaandikiwa bili? Sasa nimeelewa usingizi unakwenda wapi.

Bi_Tausi:
Mwanangu, mpigie mzee leo hii umwambie ukweli. Marehemu mume wangu alikuja kuposa na gari la kuazima, mwenye gari akalifuata kabla hatujala. Baba alicheka wiki nzima, lakini alimpa mke.

Sina_Makuu:
Mama, siwezi. Nguo ya kuvaa nimeshaipiga pasi.

Mpima_Chai:
Wakuu mnajaziwa vikombe tu humu. Mwezi mpevu hutoka upande unaokabiliana na jua linapozama. Jua likizama baharini, mwezi unatokea nyuma yenu, nchi kavu. Huyu anasema vyote viwili baharini. Chai hii, tena haina hata sukari. Weka picha ya mgahawa.

Ndala_Moja:
Nami nilishangaa, nguo kupigwa pasi siku tatu kabla?

Sina_Makuu:
Mgahawa uko kwenye ncha ya rasi, bahari iko pande zote mbili. Picha siweki, mzee ana wajukuu wanaosoma humu.

Mpima_Chai:
Dakika tano zilizopita tulikuwa ufukweni, sasa tuko rasini. Kesho tutakuwa kisiwani.

Nahodha_Mstaafu:
Rasi zipo, na jambo hilo kwenye rasi linawezekana. Lakini rasini upepo nao haucheki, kitambaa cha meza kibanwe. Na bado nasema, meza ipande juu.

Sina_Makuu:
Nimehamishia kibarazani, asante Nahodha. Ila mhudumu amenipigia sasa hivi. Meneja amesikia habari, anauliza: kama bosi ni mimi, yeye Jumamosi aje kama nani?