Naomba ushauri: kuingia Apple Park

Ndugu na dada zangu, hamjambo. Mimi ni fundi simu hapa Lubumbashi, Kongo, katika komini (sehemu ya mji) iitwayo Kenya. Mwezi ujao nitamtembelea dada yangu San Jose, California. Kituo cha wageni cha Apple Park, makao makuu ya kampuni ya Apple pale Cupertino, kimefunguliwa kwa watu wote tangu 2017: kuna duka, mkahawa na roshani ya juu. Lakini lile jengo kuu la ofisi, la duara, lenyewe si la kuingia hivihivi. Nami kila siku nafungua iPhone kwa bisibisi yenye ncha tano, natamani sana kuona zinakobuniwa! Nimemwandikia mfanyakazi mmoja wa Apple mara mbili, kimya.

Aliyewahi kualikwa ndani, ilikuwaje? Na je, ni adabu kumwomba mtu nisiyemjua?