Naomba ushauri: wahusika wangu wanasikiana mawazo, nataka sayansi yake isimame

MwanaNansio:
Wakuu, habari za jioni.

Naandika riwaya ya kubuni ya kisayansi kwa Kiswahili. Mahali ni Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, mwaka 2300. Kuna koo chache za wavuvi wanaopiga mbizi kwenye maji yaliyochafuka, mkono wako huuoni, na wao wanasikiana mawazo bila kufungua mdomo. Sitaki iwe uchawi, wala mizimu, wala dawa ya maabara. Nataka uwe mwili wa binadamu uliobadilika wenyewe, kizazi baada ya kizazi, na mwanafunzi wa baiolojia wa kidato cha sita akisoma asikiweke kitabu chini.

Kwa sasa nimeandika kwamba ubongo wao unatoa mawimbi makali kuliko wetu, na ubongo wa jirani unayapokea. Rafiki yangu aliyesoma rasimu anasema hapo ndipo imani ilipomtoka. Je, mawimbi ya ubongo yanaweza kubeba kazi hiyo? Na hii miaka 275 inatosha? Nisahihisheni bila kunionea haya, hadithi hii naipenda mno.

FundiEEG:
Mkuu, kazi yangu ni kupima umeme wa ubongo hospitalini, kwa hiyo hapa nina la kusema.

Wazo lako lilishampata mtu mkubwa. Mwaka 1893 Hans Berger, wakati huo askari kijana Ujerumani, alianguka kutoka kwenye farasi na nusura akanyagwe na gari la mzinga. Siku hiyohiyo dada yake, aliyekuwa mbali, alishikwa na wasiwasi akamsihi baba yao apige telegramu kuulizia hali yake. Berger aliamini hofu yake ndiyo iliyosafiri. Akasomea udaktari, akaitafuta nishati hiyo miaka mingi, na mwaka 1924 akawa wa kwanza kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu. Mashine ninayotumia leo ni matunda ya msako huo. Telepathia yenyewe, yaani huko kusikiana mawazo, hakuipata.

Sababu utaiona ukikaa nasi siku moja. Juu ya ngozi ya kichwa umeme ule ni makumi ya mikrovolti tu, yaani sehemu za milioni za volti moja. Tunasugua ngozi, tunapaka jeli, tunamwomba mgonjwa alegeze taya, kwa sababu akiuma meno kidogo tu umeme wa misuli unafunika mistari yote ya ubongo. Ukiinua elektrodi, kile kidude cha kunasa umeme, kutoka kwenye ngozi, huna kitu tena. Sumaku ya ubongo nayo ni dhaifu mara mamia ya milioni kuliko ya dunia. Hewani haiendi popote.

MwanaNansio:
Asante sana mkuu. Basi sura tatu nzima zimekufa. Nibadilishe iwe nini?

MtaalamuWaSamaki:
Usizichome bado. Umewaweka watu wako majini, na huko ndiko jibu liliko!

Kwenye ziwa lako hilohilo kuna samaki aitwaye domodomo. Shina la mkia wake lina kiungo kinachotoa mapigo madogo ya umeme, na ngozi yake inahisi jinsi vitu vilivyo karibu vinavyoyavuruga. Ndivyo anavyotembea usiku kwenye tope. Mapigo hayohayo yanamwambia domodomo mwingine huyu ni wa aina gani, dume au jike. Hayo ni mazungumzo ya umeme, yanafanyika chini ya mitumbwi kila usiku.

Utasema samaki si mtu. Sawa, lakini mamalia nao wameipata hisi hii upya, na zaidi ya mara moja. Platipasi, mnyama wa Australia mwenye mdomo kama wa bata, ana vihisi vya umeme kama 40,000 kwenye mdomo wake, vilivyotokana na tezi za ngozi. Kuna pomboo wa pwani ya Amerika ya Kusini ambaye vishimo vya sharubu alizopoteza vimegeuka kuwa vihisi. Wote wawili wanatumia neva ya uso, ileile inayopeleka maumivu ya jino kwako na kwangu. Malighafi tunayo tayari.

Sasa sikiliza, hapa ndipo riwaya yako inapopata mwili. Usijenge kiungo cha kutuma. Ni kigumu mno: kwa samaki wa umeme karibu wote kimetengenezwa kwa misuli iliyogeuzwa kazi, na samaki hao walikuwa na nakala mbili za jeni moja ya misuli, hivyo moja ikawa huru kubadilika. Sisi tunayo nakala moja, na ikiharibika mtu anapata vipindi vya kupooza. Jenga mpokeaji peke yake, kwa sababu mwili wa binadamu unatuma tayari. Moyo unatuma. Kila msuli unaojikunja unatuma. Na ukisema maneno kimoyomoyo, misuli ya koo inapata umeme kidogo sana. Watafiti wa NASA walionyesha mwaka 2004 kwamba elektrodi zilizobandikwa kooni zinaweza kutambua baadhi ya maneno ambayo mtu hakuyatamka. Wapiga mbizi wako wasisome ubongo. Wasome koo la mwenzao, akiwa karibu, kwenye maji. Wakipanda nchi kavu wanakuwa viziwi kama sisi. Kikomo hicho usikifute hata ukishawishika.

Ulipie gharama pia. Jamaa mmoja wa domodomo anatumia karibu asilimia 60 ya oksijeni yake yote kwenye ubongo. Wetu unachukua kama asilimia 20, na tayari ni mzigo. Watu wako watakuwa na njaa muda wote, na watoto wao watakua taratibu.

Jongwe_wa_Jeni:
Mtaalamu amemaliza upande wa kiungo, mimi nazungumzia muda. Miaka 275 ni vizazi kumi hivi. Kiungo kipya hakiundwi ndani ya vizazi kumi, ila sifa ambayo tayari ipo kwa wachache inaweza kutapakaa.

Angalia tembo wa Gorongosa, Msumbiji. Vita ya 1977 hadi 1992 iliua zaidi ya asilimia 90 yao, wenye pembe wakilengwa kwanza. Majike yasiyo na pembe yalikuwa chini ya moja kati ya matano. Baada ya vita yakawa karibu nusu. Au kisiwa cha Pingelap, Bahari ya Pasifiki: kimbunga cha karibu 1775 kiliacha watu kama 20, mmoja wao akiwa na jeni ya kutoona rangi kabisa. Leo hali hiyo, adimu sana kwingineko duniani, ni ya kawaida pale.

Kwa hiyo chagua. Ukiubakiza mwaka 2300, mwanamke wa kwanza mwenye sifa hiyo awe anaishi leo, hajijui, halafu janga liwaache watu wachache kisiwa kidogo kama Ukara. Hapo mpe hisi ghafi tu. Ukitaka wasikie maneno kamili, sogeza hadithi makumi ya maelfu ya miaka mbele.

Na kila hatua ilipe yenyewe. Mageuko hayaweki akiba kwa ajili ya kesho. Faida ya kwanza isiwe kusoma mawazo, iwe kumhisi mamba kabla hajakufikia. Anayemhisi anarudi nyumbani na kuzaa. Maneno ya kooni yaje baadaye, yamepanda mgongoni mwa hofu ya mamba.

Mama_Kayenze:
Vijana wangu, mnasahau wanadamu wenyewe. Kanda ya Ziwa tumezika vikongwe waliouawa kwa macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Mtu anayejua usilolisema ataishi vipi hapa?

MwanaNansio:
Shikamoo mama. Hili sikuliwaza kabisa. Kama wanauawa, si jeni inakufa nao?

Mama_Kayenze:
Marahaba mwanangu. Inategemea wanauawa lini. Binti akionyesha dalili kabla ya kuzaa, imeisha. Lakini uwezo ukikomaa uzeeni, bibi ameshazaa na watoto wamebeba damu yake. Wanaomuua wanafanya dhambi, na hawajaondoa chochote.

Na bibi ana faida yake. Watafiti waliokaa na Wahadza wa Ziwa Eyasi waliona bibi wanaochimba mizizi porini wanavyowalisha wajukuu, hasa mama akiwa na mtoto mchanga. Mjukuu akipona, damu ya bibi imepona. Mpe bibi yako hisi hiyo, awaogeshe wajukuu ziwani akijua mamba yuko upande gani. Usimfanye mwovu. Hao wamesingiziwa vya kutosha.

Jongwe_wa_Jeni:
Mama, hii ni bora kuliko yangu. Imenipa sababu ya uwezo kujificha miaka yote bila kufutika.

MwanaNansio:
Nimeamua. Nabaki na 2300, nahamia Ukara, hisi ni ya majini tu, inakomaa kwa wanawake waliokwisha kuzaa, na mhusika mkuu ni bibi. Maneno hayasikii, anasikia hofu, uongo na jina lake mwenyewe likitajwa kooni mwa mtu. Swali la mwisho: mtu anayemwogopa atajifichaje wakiwa wote majini?

FundiEEG:
Aume meno, kwa nguvu. Bibi atasikia kelele ya taya peke yake. Ila atajua kuna mtu anayeficha jambo.

MtaalamuWaSamaki:
Au akae mbali naye mita kadhaa, umeme wa misuli haufiki mbali. Ukimaliza sura ya kwanza iweke hapa, mapigo ya domodomo nitakukagulia mimi.