Naomba ushauri: nimemsamehe, je, bado naweza kumdai?
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Kigoma, nauza dagaa Kibirizi. Kijana niliyemwachia mzigo ameuza magunia mawili kimyakimya, hela akala. Nilipombana alipiga magoti palepale mchangani, mikono bado inanuka dagaa, akakiri. Mkewe amejifungua juzi tu.

Mchungaji kanipa Yakobo 2:13, huruma hujitukuza juu ya hukumu. Sawa. Lakini Kutoka 22 inamtaka aliyeiba kondoo na kumuuza alipe wanne kwa mmoja. Zakayo naye, Yesu akiwa mgeni wake, aliahidi kurudisha mara nne, na sioni mahali alipoambiwa "basi, yaishe". Hata Paulo hakumwambia Filemoni afute deni la Onesimo, mtumwa wake. Alisema liandikwe juu yake yeye Paulo.

Nimempa nafasi alipe kidogo kidogo, bila polisi. Sasa kanisani naonekana nina roho ngumu (mke wangu naye yumo!).

Naomba kuuliza: kumsamehe na kumdai vinaweza kwenda pamoja kimaandiko? Na nikifuta, hasara aibebe nani, maana nusu ya mtaji ule ni mkopo wa kikoba?