Tupeane uzoefu: kusinki (kulinganisha pande mbili ziwe sawa) namba na kalenda kati ya Palm na kompyuta ya nyumbani

Wakuu, juzi napanga kabati hapa Nyegezi nikakutana na Palm m100 yangu, ile kompyuta ndogo ya mkononi ya betri mbili nyembamba. Hasira zikarudi upya. Enzi hizo nanunua dagaa mwaloni Kirumba, na namba za wenye mitumbwi wa Ukerewe, nani ananidai na lini nimlipe, vyote vimo humo. Kompyuta ikaingia virusi, fundi akaipiga Windows upya, akanirudishia nakala ya Palm Desktop (programu ya Palm ya kwenye kompyuta) ya miezi minne nyuma. Mimi najiona mjanja, nikaenda kwenye mipangilio ya HotSync, ndiyo kusinki kwenyewe kwa Palm, nikachagua kompyuta ifute kilichomo kwenye Palm. Nikabonyeza kitufe cha kwenye waya, kikalia kimlio chake kitamu. Miezi minne kwaheri! Nilipanda meli hadi Nansio kuulizia madeni yangu mwenyewe, na huko kila mtu akakumbuka namdai kidogo na ananidai sana.

Siku hizi kabla ya kusinki chochote najiuliza upande gani una mapya. Nanyi leteni yenu.

Mdau wa Igoma:
Pole mkuu. Sisi tulikuwa na Palm mbili nyumbani, yangu na ya kaka, tukazipa jina moja la mtumiaji ili "kurahisisha". Kompyuta ikaziona ni kitu kimoja. Kengele ya kliniki ya shemeji ikanililia mimi kikaoni.

Mdau wa Buzuruga:
Mie niliandika kikao saa 2:00 nikimaanisha saa mbili asubuhi. Kengele ikapiga usiku wa manane, mama watoto akadhani ni msiba. Hapo kusinki hakuna kosa, imehamisha nilichoandika.

Mdau wa Sengerema:
Mwenye uzi, hiyo m100 bado inawaka? Kama Palm Desktop unayo, chagua majina yote, yatoe kama vCard, yaani faili la majina na namba ambalo simu inalisoma, litaishia na .vcf. Litume kwenye simu yako, ulifungue, yanaingia yote.

Mwanzisha uzi:
Asante sana mkuu, yameingia 212. Sasa mbona karibu nusu zinaanza na 0744?

Mdau wa Igoma:
Hahaha, hizo ni namba za Voda za zamani, 0744 ilibadilishwa ikawa 0754. Weka 0754 ujaribu. Ila wakipokea, usitaje madeni kwanza.