Bango la kubeti kwa banda langu la mpira, niliweke ama niliwache?

banda_la_langoni
Asalam aleikum jamaa. Mimi nina banda la kuonyesha mpira huku Langoni, Lamu, tivi mbili na mabenchi ya mbao, kiingilio 30, gemu kubwa 50. Juzi kaja kijana na fulana ya kampuni ya kubeti (jina silitaji) akanambia watanlipia dikoda msimu mzima na ukuta watanpakia rangi, ila niweke bango lao juu ya tivi na kabla mechi haijaanza nisimame mbele ya watu nitaje odi (dau lako lazidishwa mara ngapi ukishinda), leo huyu ni 1.60, over 2.5 (mabao matatu kwenda juu) ni hivi, hafu niwape promokodi ya kujisajilia. Akanwachia na karatasi ya maneno ya kusema.

Sasa mimi si mtakatifu, mikeka yangu ya kubeti ishachanika mingi tu. Lakini Jumamosi nko nafagia banda nimewasha redio, mchambuzi yuwaongea, mara namskia "timu zote zina njaa ya mabao, GG hapa ni kama kuokota embe chini" (GG ni kubeti timu zote mbili zitafunga). Nkawacha fagio nkaenda kuitoa ile karatasi. Ni hayo hayo maneno wallahi, mpaka hilo embe! Na mimi jamaa huyo nlikuwa namuamini, nlidhani yuwakaa usiku atazama mechi.

Sasa nauliza, hawa wanaotuongelea mpira wote ndo washanunuliwa? Na mimi nikikubali si ntakuwa redio nyingine tu, ndogo, ya Langoni?

punda_hachoki
Ami chukua dikoda ulipiwe, wacha falsafa. Everton ilipovaa SportPesa, kampuni ya kubeti, kifuani 2017 wakaja mpaka Dar kucheza na Gor Mahia, Rooney akapiga lile goli la mbali, ni nani hapa hakuruka? Banda lako ndo liwe la kwanza kuona haya?

nlikuwa_hewani
Ntakujibu manake nimekaa ndani. Nlifanya michezo kwa stesheni moja ya pwani miaka kama mitatu. Kipindi hakikuwa na pesa, mshahara ulikuwa ukija ukipenda. Wakaja hawa, mwanzo ni tangazo la sekunde 30, sawa. Baadaye ikawa "odi za leo" ndani ya kipindi, tena nazisoma mimi mwenyewe kwa sauti ile ile nayosomea matokeo, msikilizaji hajui habari imeishia wapi na biashara imeanzia wapi, na hapo ndo penye ujanja wenyewe. Mwisho wakaleta mchambuzi wao. Hakuna mtu aliyewahi kunambia usiwaseme vibaya, hata siku moja. Nlipeleka stori ya vijana wanaouza simu zao kulipia madeni ya kubeti, bosi akasema nzuri sana hii, tuiweke kiporo kwanza. Mpaka leo ni kiporo. BCLB, bodi ya kusimamia kamari Kenya, iliposimamisha matangazo ya kamari siku 30 mwezi wa nne 2025 swahiba wangu aliyebaki pale alinpigia usiku, hakuuliza kamari ni mbaya ama nzuri, aliuliza mwisho wa mwezi yatakuwaje.

Na usidhani ni njaa ya Waafrika. Marekani mahakama yao kuu ilipofungua mlango wa kubeti michezo 2018 wote walikimbilia, hata ESPN, televisheni yao ya michezo, ikakodisha jina lake kwa Penn, kampuni ya kamari, dola bilioni 1.5 kwa miaka 10, ikaitwa ESPN Bet, haikufika hata mitatu wakaachana, hafu ESPN wakaenda kwa DraftKings, kampuni nyingine ya kubeti. Yani anayekupa habari ya nani ameumia goti ndo jina lake liko kwa mkeka unaomfaidi anayejua goti kwanza.

punda_hachoki
Haya na ligi yetu je? 2019 SportPesa walipokatiliwa leseni wakatoa udhamini, Gor na Leopards zikabaki hohehahe, ligi ikacheza bila mdhamini. Akaja BetKing, nao ni wa kubeti, 2020, shilingi bilioni 1.2 miaka mitano, msimu mmoja kaondoka. Mnatukana hawa watu lakini hakuna mwengine anayetia mkono mfukoni

nlikuwa_hewani
Sasa si umejijibu ndugu yangu, nyumba umejenga kwa nguzo moja, hafu nguzo ikitembea walia. Hao Waingereza wako wenyewe, klabu za Premier League, walikubaliana 2023 kutoa kamari kifuani mwa jezi msimu wa 2025/26 ukiisha (mikononi zinabaki, lakini haya).

fundi_wa_hesabu
Banda, iulize hiyo promokodi vizuri kabla hujashika kitu. Mikataba mingi ya aina hiyo anayegawa promokodi hulipwa asilimia ya kile kampuni inachobaki nacho kutoka kwa watu aliowaleta. Soma tena. Ukiwaleta watu 40 wakishinda hupati kitu, wakiliwa wapata. Ndo maana "wachambuzi" wa Telegram hawachoki kutoa mikeka ya bure.

Na mikeka mirefu wanaipenda kwa sababu hii: chukua mechi ya nusu kwa nusu, haki yake ni odi 2.00, wao wakupa 1.90. Moja si neno. Unganisha tano, ulifaa kupata mara 32, wakupa mara 24 na kitu, kwa kila 100 hapo wastani wa kukurudia ni kama 77. Jackpoti ya mechi 17 nayo, kila mechi ikiwa na matokeo matatu (ushindi, sare, kufungwa), ina njia 129,140,163. Huyo mchambuzi wa embe ashawahi kutaja hiyo namba hewani?

bi_viazi_karai
Mie sijui odi wala nini. Nauza viazi karai nje ya banda la huku kwetu Shela, nao waliweka hilo bango. Zamani watoto walikuwa wakitazama mpira wakitoka wabishana, wanunua, wabishana tena mpaka usiku. Sai wametazama simu wahesabu kona. Kona! Mjukuu wangu ni Man U dam tangu hajui kuvaa viatu, siku hiyo wamefungwa la tatu namuona aruka ashangilia, namuuliza una nini we, aniambia bibi nlikuwa nataka over. Na wakiliwa wanipitia kando, na deni la viazi halilipwi.

banda_la_langoni
Bi nimecheka lakini si ya kucheka. Nimerudi niwape majibu. Yule kijana nlimwambia bango nitaweka, rangi nataka, lakini yale maneno siyasemi na promokodi sigawi. Akapiga simu kwa mkubwa wake hapo hapo mbele yangu, akasema bango bila maneno hawawezi kulipa dikoda, wanaweza kunpa fulana mbili. Hapo ndo nlijua ilikuwa wanunua nini. Karatasi nimemrudishia, fulana nlikuwa nshapokea moja, napangusia tivi. Jumamosi kiingilio ni 40, msije mkanlilia mlangoni.