Mjadala: Tamthilia za Korea za "manabii" zinaponya au zinatonesha kidonda?

Mpenda_Sizoni: Wadau, nimemaliza Save Me, ile ya 2017. Familia inahama Seoul, kijana wao anaonewa shuleni mpaka anakufa, na kabla matanga hayajaanuliwa watu wa Guseonwon, lile kundi la dini la kwenye tamthilia, wameshaingia na maombi. Mama akili inayumba, baba anageuka muumini wa kupindukia, binti anabaki mateka. Nauliza: kazi hizi zinamsaidia aliyepitia hayo, au zinauza machungu yake?

Kaka_Temeke: Nilizima njiani. Binti ana miguu, anangoja nini? Wanaonaswa huko ni watu wasiosoma, basi.

Binti_Kilifi: Miguu! Akimbilie wapi, wakati mji mzima umeshikwa? Aliwaona vijana wanne uchochoroni akawaambia "niokoeni". Hukuiona hiyo?

Msomaji_Mkali: "Wasiosoma" umeitoa wapi, mkuu? Jung Myung-seok, mwanzilishi wa JMS, kundi la dini la kweli huko Korea, alianza kuvua vijana kwenye vyuo vikuu vya Seoul, miaka ya 80. Wengine waliingia kupitia timu za michezo na uanamitindo. Alifungwa miaka 10 kwa ubakaji, akatoka 2018, akarudia yaleyale.

Jirani_wa_Ziwa: Si amepewa 23 tena?

Msomaji_Mkali: 23 ilikuwa hukumu ya kwanza, 2023. Rufaa ikashusha hadi 17.

Kaka_Temeke: Sikusema wajinga. Nimesema elimu.

Binti_Kilifi: Umesema "wasiosoma", iko hapo juu, wote tunaisoma. Mama yangu mdogo ana diploma ya uuguzi. Kundi lililomnasa lilimwamsha kwa simu kila saa tisa usiku aombe. Ametoka zamani, lakini simu ikilia usiku mpaka leo anakaa kitako kitandani na kuanza kutubu kabla hajaangalia nani anapiga. Mwambie huyo kwamba ana miguu.

Jirani_wa_Ziwa: Pole sana, dada. Na wale 32 wa Odaeyang, kundi jingine la Korea, 1987, waliokutwa wamekufa kwenye dari ya kiwanda, nao tuseme walikosa shule?

Mpenda_Sizoni: Jamani, swali langu. Filamu ya makala ya Netflix ya 2023 kuhusu JMS ilipigiwa kelele kwa kuonyesha picha za aibu za wanawake. Lakini binti wa Hong Kong alijitokeza humo kwa uso na jina lake. Hapo anauzwa, au anasema mwenyewe?

Kaka_Temeke: Pole, Binti_Kilifi, mama mdogo simjui. Ila dawa ni serikali. Kila mchungaji awe na cheti cha chuo, asiye nacho afungiwe.

Binti_Kilifi: Cheti tena! Msitu wa Shakahola, Kenya, ulitoa miili ya waumini zaidi ya 400, 2023. Mhubiri wao, Mackenzie, alishakamatwa na kushtakiwa miaka kadhaa nyuma. Serikali ilimjua. Cheti kingezuia nini?

Msomaji_Mkali: Hata Korea, anayehukumiwa hubaki na waumini wanaosema anaonewa. Huyo anayemtetea mbakaji wake utamfikia kwa sheria ipi?

Kaka_Temeke: Kwa hiyo tukae tu, kila mtu afungue kanisa chini ya mwembe?

Jirani_wa_Ziwa: Mwembe umekukosea nini? Babu yangu kahubiri chini ya mwembe mpaka anazikwa, hakuchukua ng'ombe wa mtu wala binti wa mtu. Jibu la mama mdogo wa mwenzako bado hujalitoa.