Nimeacha lori, nalala nyumbani kila siku, na unyumba umepoteza ladha. Kuna utafiti wowote?

BabaZawadi

Wakuu, heshima kwenu.

Nina miaka 43, ndoa ina miaka 12, watoto watatu. Miaka 10 ya hiyo ndoa nimekula nikiwa nyuma ya usukani, Dar kwenda Lubumbashi. Mnaoijua foleni ya mipakani, Tunduma na Kasumbalesa, mnanielewa: safari moja inaweza kula mwezi. Nikirudi nyumbani sasa, jamani, hata harufu ya dizeli haikuwa tatizo. Watoto wanapelekwa kwa bibi yao mapema, na mimi kabla sijafika Chalinze nimeshapigiwa simu mara nne.

Mwaka juzi mgongo ukagoma. Nikauza nilichonacho, nikafungua duka la vifaa vya ujenzi Mbezi. Sasa nalala kwangu kila siku ya Mungu.

Na hapo ndipo ninapojishangaa. Kitu nilichokuwa nakililia kwenye foleni Tunduma, kipo, mkono ukinyooka unakifikia, na hakina ladha. Nieleweke: gari linawaka vizuri tu. Mke wangu namheshimu, hatuna ugomvi. Lakini ni Jumatano na Jumamosi, baada ya taarifa ya habari. Nafunga geti, napiga mswaki, nazima taa. Juzi katikati ya shughuli nikajikuta nahesabu mifuko ya saruji iliyobaki stoo. Nilifika 37.

Marafiki nimewauliza. Mmoja kaniambia nitafute mchepuko, mwingine kaniletea vumbi la Kongo kwenye kikaratasi. La kwanza sitaki, la pili nimelimwaga chooni. Ninachouliza: hawa wanasaikolojia wameshawahi kulichunguza jambo hili? Ni mimi, ni yeye, au ndoa imeisha kimyakimya na sisi hatuna habari?

Nawasilisha.

ChumviYaBahari

Mkuu, pweza. Nenda Feri jioni, supu ya moto na pilipili ya kutosha. Ukirudi pitia muhogo mbichi, nazi na karanga. Uzi ufungwe.

BabaZawadi

Soma vizuri bwana mdogo. Nimesema gari linawaka. Shida ni kwamba barabara naijua hadi mashimo yake.

NesiMnasihi

Kaka, hongera kwa kuuliza kabla ya kulamba vumbi. Mimi ni nesi, nilirudi chuo kusomea ushauri nasaha, na kazi yangu ya mwisho niliiandika kuhusu hiki hiki, mpaka msimamizi wangu akawa ananikwepa kwenye korido.

Limechunguzwa, tena si jana. Mwaka 1996 watafiti wawili wa Marekani, Watt na Ewing, walitengeneza kipimo cha kuchoshwa na tendo la ndoa. Sentensi 18, unasema unakubaliana nazo kiasi gani. Ukizisoma utadhani walijificha chini ya kitanda cha mtu. Kwa hiyo tuache kuchanganya mambo: kukosa nguvu ni kitu kimoja, kukinai ni kingine, na anayekutibia cha kwanza wakati unaumwa cha pili anakula hela yako tu. Huyo wa pweza namsamehe, supu ni tamu.

Wengi hukimbilia hesabu, ngapi kwa wiki. Amy Muise na wenzake walipitia majibu ya Wamarekani zaidi ya 30,000, wakachapisha mwaka 2015. Kwa watu walio kwenye uhusiano, furaha ilipanda kadiri walivyokutana mara nyingi, ikafika kwenye mara moja kwa wiki, ikatulia hapo hapo. Wewe na Jumatano na Jumamosi zako umeshavuka. Mwaka huo huo George Loewenstein na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walichukua wanandoa 64, nusu yao wakaagizwa wazidishe mara mbili kwa siku 90. Furaha ilishuka kidogo! Na hamu yenyewe ikapungua. Yaani wakageuza starehe kuwa dozi, asubuhi na jioni baada ya chakula.

Sasa utafiti ninaoupenda mimi ni wa mwanasaikolojia Arthur Aron, mwaka 2000. Aliwaita wanandoa, akawafunga pamoja vifundo vya mikono na miguu, akawaambia watambae kwa magoti kwenye magodoro, wapite juu ya kizuizi, huku wamebana mto kati ya miili yao. Mikono hairuhusiwi kuushika, meno hayaruhusiwi. Dakika saba. Watu wazima wenye vyeti vya ndoa, wanatambaa na mto. Wanandoa wengine walipewa kazi ya kusukuma mpira polepole sakafuni. Walipoulizwa baadaye kuhusu uhusiano wao, ridhiko la waliotambaa lilikuwa limepanda kuliko la wale wa mpira. Hapo hakuna aliyevua hata shati. Aron anaeleza kwamba mapenzi mapya yana utamu kwa sababu kila siku mtu anaongezeka kupitia mwenzake, anajua asichokijua jana. Wakishamalizana kujuana, mwendo unapoa, labda wapate jambo geni walifanye pamoja.

Tena msidharau huku kupoa. Kundi la Aron huyo huyo lilitumia majibu ya wanandoa 123 wa Michigan. Waliosema kwenye mwaka wa 7 kwamba ndoa imeanza kuwachosha, kwenye mwaka wa 16 ndio waliokuwa na ridhiko dogo. Kilichounganisha hayo mawili ni ukaribu uliopungua.

Hao wote ni Wamarekani, na humo hayumo dereva wa Tunduma. Ila wewe nakuona hivi: zamani safari ndiyo iliyokuwa inakufanyia kazi. Ulikuwa unarudi mgeni, na mgeni huandaliwa. Sasa umefika ile siku ya tatu, umepewa jembe.

MamaWawili_Tanga

Shemeji, shikamoo ya utafiti. Nimesoma mwanzo mpaka mwisho, saruji nimeiona, geti nimeliona, mswaki nimeuona. Mke yuko wapi humo? Ametajwa mara moja, "namheshimu". Somo wangu aliponifunda hakunifundisha kukatika tu, alinifundisha na kuuliza. Wewe mwenzetu hukufundwa na mtu?

NesiMnasihi

Dada kapiga penyewe. Na kaka, ukimuuliza usiende na swali la "kwa nini huna hamu". Rosemary Basson, daktari wa Canada, ameandika tangu 2000 kwamba kwa wanawake wengi walio kwenye uhusiano mrefu hamu haitangulii. Inakuja baada ya kuanza, kama vile mtu aliyesema hana njaa akaonja kachumbari. Lakini lazima kuwe na kitu cha kuonja.

BabaZawadi

Wakuu, nimerudi. Wiki imepita, samahani kwa ukimya.

Nilimuuliza Jumapili, yeye anachambua mchele na mimi nashika sinia. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka mchele ukamwagika. Akasema, "Baba Zawadi, mimi nikisikia geti, najua. Nikisikia maji bombani, najua. Nikisikia swichi, najua hadi pale itakapoishia." Nikaona nimuungamie ile saruji. Nikamuuliza, na wewe je, huwa unahesabu nini? Akasema hesabu za vikoba. Yeye ndiye mtunza hazina, mwezi uliopita zilimgomea siku tatu, akazipata Jumamosi usiku. Yaani alizipatia pale pale.

Iliniuma kidogo, nisiwafiche.

Halafu akaniuliza swali nisilolitegemea: "Hivi Kitonga ni wapi hasa?" Miaka 10 nilikuwa nampigia, "nipo Kitonga, mtandao unakata," simu inakufa, na yeye anakaa gizani akisubiri nimalize ule mlima. Hajawahi kuvuka Morogoro. Nilimchorea zile kona na kidole kwenye sinia la mchele, moja moja, nikamwonyesha pale nilipowahi kulala na breki mbovu na sikumwambia. Tulikaa mpaka saa tano. Taarifa ya habari hatukuiona.

Kuna mwenzangu anapanda Mafinga kuchukua mbao, utingo wake kaomba ruhusa, kiti kipo. Bibi anachukua watoto, duka atashika mdogo wangu. Mama Zawadi ameshanunua chupa mpya ya chai na ananiuliza kama dereva mwenzangu anapenda tangawizi. Tunaondoka Jumatano.

ChumviYaBahari

Mafinga baridi hiyo mkuu. Pitieni Feri kwanza.